Nguo za Watu

Tangazo lilihitaji misumari minne, na misumari yote ilikuwa ya fundi. Nyundo pia. Msimamizi wa jengo alikuwa ameandika kwa herufi kubwa kwenye kipande cha kadibodi, akakivika mfuko wa nailoni kisilowe, kisha akamkabidhi fundi, kwa sababu katika vyumba vyote kumi na viwili ni yeye peke yake aliyekuwa na vifaa. KILA MTU AGUSE NGUO ZAKE TU. Fundi alikiinua juu ya mlango wa kutokea paani, akabana misumari midomoni, akagonga. Nyuma yake, kwenye ngazi, mkewe alikuwa amesimama na beseni tupu kiunoni, akimtazama mgongo. Msumari wa nne uliingia upande. Ingekuwa kazi ya mteja angeung'oa na kuupiga upya. Siku ile aliuacha hivyo hivyo, akashuka bila kuinua uso.

Alikuwa fundi wa lipu. Kwa miaka tisa alikuwa akizivika saruji kuta za watu katika mji ule, na kwa miaka hiyo tisa alikuwa akilala chumba namba tisa, ghorofa ya pili, bila mtu yeyote kumlalamikia kwa lolote. Jambo hilo alijivunia sana, tena kimoyomoyo, maana hakuwa na wa kumwambia. Mwaka wa kwanza, alipokuwa bado na ulimi wa nyumbani, alimsimamisha mpangaji wa namba nne ngazini akamwuliza habari za asubuhi, za jana, za watoto na za kazi. Yule bwana alijibu ya kwanza, akaitazama saa kwenye ya pili, na kwenye ya tatu alikwishafika barabarani. Fundi alikuwa mwepesi wa kujifunza. Akajifunza kutikisa kichwa tu. Akajifunza kupanda ngazi akiambaa ukuta, kukohoa kabla ya kukata kona, na kufungua redio kwa sauti ya kusikiwa na mto wake peke yake. Wenzake jengoni walimwita Mgeni, si kwa ubaya, naye aliitika. Hata mwaka wa tisa ulipoingia, hakuna aliyeona kichekesho cha jina hilo, yeye mwenyewe akiwamo.

Mkewe alikuja mwanzoni mwa mvua, baada ya binti yao wa mwisho kuolewa. Nyumba ya kijijini ilikuwa imebaki na kuku na mwangwi.

"Nimekuja kuonja," alimwambia mumewe siku aliyofika, kabla hata hajavua viatu. "Mvua zikiisha nitajua kama nakaa au narudi. Usinibembeleze, wala usinifukuze."

Fundi alicheka, lakini maneno yale yalimkaa rohoni. Miaka yote ile alikuwa akila amesimama, sufuria mkononi, kwa sababu kuketi mezani peke yako nako kunahitaji moyo. Sasa kulikuwa na mtu wa kumwuliza kama chumvi imekolea, mtu wa kumsuta kwa soksi zenye matundu. Alitaka akae. Hakuwahi kutaka kitu chochote mjini humo kama alivyotaka hilo, na kwa kuwa alilitaka sana, alianza kuogopa.

Maana mkewe hakuwa mtu wa kutikisa kichwa. Wiki ya kwanza tu alikwishajua ni mtoto gani wa ghorofa ya chini anayekojoa kitandani na ni nani jengoni asiyeongea na kaka yake. Mlango uliotazamana na wao ulikuwa wa namba saba, kwa dada mmoja muuguzi, mrefu, mwenye kutembea kama mtu anayefukuzana na basi. Asubuhi moja walikutana naye kwenye kibaraza.

"Habari za kazi, mwanangu?"

"Nzuri," muuguzi alisema, na viatu vyake vikasikika vikishuka ngazi.

Mke wa fundi alibaki amesimama pale pale, mkono kwenye kitasa, akingoja nusu ya pili ya salamu. Alingoja mpaka mlango wa chini ukabamizwa.

"Mbona amekata katikati?"

"Ana haraka," fundi alisema.

"Haraka gani na miguu ile? Hujaiona ilivyovimba? Ile ni miguu ya kukandwa."

"Mke wangu, hapa miguu ya mtu ni yake."

Alimtazama mumewe kama anayetazama sarafu asiyoifahamu, kisha akaingia ndani kuosha vyombo.

Siku ya mkasa ilikuwa Jumatano. Jua lilikuwa limeamka vizuri, na wapangaji walikuwa wamefua mapema, wakaanika juu ya paa, wakaenda makazini. Huko paani kila chumba kilikuwa na kamba yake, na namba yake imepakwa rangi kwenye nguzo ya chuma. Kufikia saa tisa mawingu yalikuwa yamejikusanya. Mke wa fundi alikuwa peke yake katika jengo zima, akichambua mchele. Tone la kwanza lilipogonga dirisha hakufikiri. Kule alikotoka hakuna anayefikiri: mvua ikianza, aliye nyumbani huanua vya walio mbali, mahindi ya huyu, mihogo ya yule, nguo za mtoto wa nani sijui. Ukirudi unakuta vyako viko pakavu, na unaweza usijue kamwe ni nani aliyevitoa mvuani. Basi alipanda, akaanua kamba zote kumi na mbili kwa safari tatu, akalowa chapachapa, akajaza kitanda, meza na viti. Kisha akaketi akakunja. Shati moja lilikuwa limepoteza kifungo, akatafuta kinachofanana nacho akakishona. Kosa lake la kweli lilikuwa moja, nalo hakuliona: shuka lake jipya jekundu, ambalo lilikuwa bado linachuja rangi, lilikaa bichi juu ya sare mbili nyeupe za muuguzi.

Fundi aliporudi jioni, saruji imemkaukia kwenye nyusi, alikuta ngazi imejaa watu.

"Ona! Ona hii!" Muuguzi alikuwa ameinua sare yake hewani, na sare ilikuwa ya waridi kuanzia kola hadi mfukoni. "Kesho naingia zamu na hii? Nikamwambie nini matroni? Na wewe mwanamke, nani amekuruhusu kutia mikono kwenye nguo za watu? Mpaka za ndani!"

"Mimi shati langu limeshonwa kifungo," alisema mpangaji wa namba nne kwa sauti ya mtu aliyeibiwa. "Nani kamwagiza?"

"Mvua ilikuwa inanyesha," alisema mke wa fundi. "Nikaanua." Alingoja kidogo, akaona pengine hawakumsikia, akarudia polepole. "Jamani, mvua. Nikaanua."

Msimamizi, mtu mfupi mwenye funguo nyingi, alimwona fundi akipanda akiwa ameambaa ukuta kama desturi yake.

"Mgeni! Huyu ni wako?"

Nyuso zote zikageuka. Fundi hakuwahi kutazamwa na watu wengi kiasi kile kwa pamoja tangu siku ya harusi yake. Alimwona mkewe mlangoni, nywele zingali mbichi, ameshika shati la watu lililokunjwa vizuri kuliko lilivyowahi kukunjwa. Alikuwa akimtazama bila wasiwasi wowote, akisubiri aseme jambo ambalo wote wawili walilijua tangu utotoni. Maneno hayo yalikuwepo. Lakini fundi alifikiria chumba, akafikiria miaka tisa isiyo na lawama hata moja, akasema:

"Nisameheni, jamani. Huyu ametoka shamba juzi tu. Hajui."

Neno lilifanya kazi yake. Mtu mmoja alichekea puani, mabega yakalegea, hata muuguzi akashusha sare. Kumbe ni ushamba tu, si wizi. Msimamizi alikata shauri hapo hapo: sare ilipwe kwa sabuni ya kutoa madoa, tangazo liwekwe, na ikitokea mara ya pili namba tisa ihame, mume na mke na mwiko wa lipu. Fundi alishukuru. Alishukuru mara mbili, na mara ya pili hakuna aliyekuwa akimsikiliza.

Walikula jioni ile. Mkewe alimwongezea mchuzi kama siku zote.

"Umesema kweli," alisema hatimaye. "Nimetoka shamba."

"Nilitaka yaishe tu."

"Najua. Yameisha." Akafuta kona ya meza kwa kiganja. "Na wewe, mume wangu, umetoka wapi?"

Fundi alisogeza sahani yake kando, akaanza kukwangua saruji kwenye kucha zake.

Baada ya hapo mambo yalitulia, na kutulia kwake ndiko kulikomkosesha raha. Mkewe hakununa wala hakumpigia kelele. Alijifunza. Alijifunza haraka kuliko yeye, kwa muda usiofika mwezi. Alianza kufunga mlango anapopika. Alianza kutikisa kichwa. Asubuhi moja fundi alitangulia kushuka, akageuka kumwambia kitu, akamkuta mkewe anashuka nyuma yake ameambaa ukuta, bega likikwaruza rangi, na muuguzi akipita katikati ya ngazi pasipo mmoja wao kufungua mdomo. Fundi alitaka kumwambia, usifanye hivyo, lakini angemwambia kwa mdomo upi? Hayo ndiyo aliyomfundisha.

Usingizi ukawa wa mang'amung'amu. Kazini alikuwa akipima ukuta mara tatu na kusahau kipimo mara tatu. Na siku moja alifanya kosa ambalo hata mwanagenzi wa wiki mbili hafanyi: alipiga lipu kwenye ukuta mkavu. Matofali makavu hunywa maji ya saruji kabla haijashika, kwa hiyo fundi yeyote huunywesha ukuta kwanza, anaumwagia maji mpaka ushibe. Yeye alisahau. Kufikia mchana upande mzima wa sebule ya watu ulikuwa umeachia, ukamwagika sakafuni kwa kishindo.

"Fundi, una nini wewe?" aliuliza mwenzake wa kazi, mtu wa miraba minne waliyemwita Bonge. "Miaka yote hii leo ndiyo unapiga lipu kavu? Shemeji amekunyima chai?"

"Anarudi kijijini. Jumatatu."

"Ah. Mji umemshinda."

"Haujamshinda," fundi alisema, akitazama rundo la saruji miguuni pake. "Ameuzoea."

Bonge alisubiri aone kama ni utani. Alipoona si utani aliokota ndoo, akaenda kuchota maji ya kuunywesha ukuta.

Jumapili alasiri begi lilikuwa wazi juu ya kitanda. Basi lilikuwa la alfajiri, na tiketi ilikuwa imechomekwa kwenye kona ya kioo, ambako fundi hakuweza kunyoa ndevu bila kuiona. Mvua zilikuwa zimekwisha, au ndivyo watu walivyosema. Siku nne jua lilikuwa limewaka mfululizo, na juu ya paa kamba zote zilikuwa zimejaa. Wapangaji wengi walikuwa wametoka, huyu kutembelea ndugu, yule sokoni. Muuguzi alikuwa zamu. Mkewe alikunja gauni, akalilaza, akakunja jingine. Fundi aliketi kwenye kiti akikaza skrubu ya mpini wa sufuria ambao haukuwa umelegea.

"Ukifika nipigie," alisema.

"Nitakupigia."

"Na yule kuku mwekundu, usimchinje mpaka nije."

"Utakuja lini?"

Fundi aliikaza skrubu ile mzunguko mwingine. Chumba kiliingia giza kidogo. Kisha kitu kikagonga kioo cha dirisha, mara moja, halafu mara nyingi.

Mikono ya mkewe ilisimama. Fundi aliiona. Iliinuka pamoja na gauni, vidole vimekwishatanuka, na mwili wake wote ukaegemea upande wa mlango. Kisha akavuta pumzi, akaishusha mikono ile polepole, akaendelea kukunja.

"Mvua," fundi alisema.

"Naisikia."

"Nguo za watu ziko nje."

"Kila mtu ana zake." Alilaza gauni ndani ya begi, akalilainisha kwa kiganja. "Tangazo si lipo? Umeligongelea mwenyewe."

Hakusema kwa uchungu, na hilo ndilo lililomkata maini. Alisema kwa sauti ya fundi mwenyewe, ile ya miaka tisa, sauti ya mtu asiyetaka matatizo. Fundi alimtazama mwanamke aliyekuwa akianua mahindi ya kijiji kizima, ameketi kitandani mvua inanyesha, na akaona kwamba basi la kesho halikuwa na mtu wa kumchukua. Mkewe alikwishaondoka siku nyingi. Pengine na yeye aliondoka zamani, ngazini, bila kuagwa na mtu.

Aliweka bisibisi mezani akatoka mbio.

Juu, mlangoni, kadibodi ilikuwa bado imeshikilia, msumari wa nne umelala upande. Alipita chini yake. Paani mvua ilikuwa ya kishindo, na nguo zilikuwa zikirukaruka kwenye kamba. Alianza na za namba moja. Vibanio alivitia mifukoni, vilipojaa akavibana kwenye kola yake. Mikono yake ilikuwa na nyufa za saruji, ikikwama kwenye vitambaa laini, naye akawa anaomba radhi kwa sauti, kwa blauzi, kwa soksi za mtoto, kama mtu aliyerukwa na akili. Na ajabu ni kwamba alizijua. Suruali yenye kiraka ilikuwa ya mzee anayekohoa alfajiri. Vitenge viwili vyenye ndege vilikuwa vya mama wa watoto wa chini. Miaka tisa alikuwa amepita kando ya kamba hizi akijifanya haoni, kumbe macho hayakuwa yamejifanya.

Kwenye kamba ya namba saba kulikuwa na sare mbili nyeupe na shuka kubwa la kitanda. Moja ya sare ilikuwa bado na weupe wa kutilia shaka kwenye kola. Alizitoa akazishika mbali na kifua chake. Shuka ndilo lililomshinda. Upepo ulilijaza, likamzunguka kichwa, akalivuta upande huu likakimbilia ule, akakanyaga pindo, akaapa. Halafu likatulia. Mtu alikuwa ameshika ncha ya pili.

"Usichanganye nyeupe," mkewe alisema. Maji yalikuwa yakimtiririka kwenye pua. "Nyeupe zikae peke yake. Sogea. Kunja kuja kwangu."

Walikunja kwa kukaribiana, mara moja, mara mbili, mpaka vidole vyao vikakutana katikati ya shuka. Walijaza mikono, wakateremka.

Muuguzi alikuwa akipanda. Alikuwa amekimbia kutoka kituo cha basi, viatu mkononi, sare ya kazini imemgandama mwilini, na macho yake yalikuwa juu, paani, kwenye nguo zake. Aliwakuta kwenye kona ya ngazi: Mgeni amefungwa vibanio shingoni, sare zake nyeupe juu ya mikono yake, na mkewe nyuma na rundo la nguo za watu. Juu yao tangazo lilisomeka vizuri kabisa.

Safari hii fundi hakuegemea ukuta. Hakukuwa na nafasi, kwa rundo lile.

"Tumeanua," alisema. Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyokusudia. "Sisi tumetoka shamba, dada. Mimi na yeye. Mvua ikianza hatuwezi kukaa. Ukitaka kumwita msimamizi, mwite, lakini zako ni hizi, na hazijachanganywa."

Muuguzi alimtazama yeye, akamtazama mkewe. Alizipokea sare, akaigeuza moja nyuma na mbele, akaipekua kola, pindo, mfuko. Zilikuwa zimelowa, lakini bila doa jipya. Maji yaliyomtoka mwilini yalikuwa yakifanya dimbwi kwenye ngazi.

"Asante," alisema, akaanza kushuka kuelekea mlangoni kwake.

"Habari za kazi, mwanangu?" mke wa fundi aliuliza, kwa mazoea, kana kwamba mwezi ule haukuwapo.

"Nzuri."

Alishuka ngazi moja, ya pili. Ya tatu alisimama, mkono kwenye ukuta.

"Nzuri ya kusema tu," alisema bila kugeuka. "Miguu, mama. Miguu inaniua. Leo nimekaa chini mara moja tangu asubuhi."

"Nimeiona siku nyingi. Ile haitaki dawa. Inataka maji ya moto na mtu wa kuikanda."

"Nani wa kunikanda mimi?"

"Si mimi hapa? Leo pumzika, umelowa. Njoo kesho jioni."

Mvua ilizidi kunguruma juu ya paa. Fundi alimtazama mkewe, lakini mkewe alikuwa akipanga upya rundo mikononi, nyeupe juu, za rangi chini.

"Kesho utakuwepo?" muuguzi aliuliza. "Nimeona begi. Mlango wenu uko wazi."

Mke wa fundi alichungulia chini, ambako mlango wa namba tisa ulikuwa umeachwa kweli, wazi kabisa, na begi likionekana juu ya kitanda.

"Kesho jioni," alisema. "Njoo na beseni lako, langu ni dogo."

Fundi aliziweka nguo alizobeba kwenye ngazi kavu, akakimbia tena juu, kwa kuwa kamba ya namba nne ilikuwa bado imejaa.